Kiilu na Kamera ya Nusu

Usimwambie Kiilu kwamba lenzi ni lenzi. Watu wa Kikima walijifunza hivyo mapema, wengine kwa kupoteza asubuhi nzima. Ungeingia studio yake kupigwa picha ya pasipoti, ukatamka neno hilo bila nia mbaya, na ungetoka baada ya saa mbili ukiwa umeonyeshwa picha ya gazeti lililobandikwa ukutani, umepewa kioo cha kukuzia, na umesomeshwa tangazo la kifo cha mtu usiyemjua kule pembeni kabisa mwa ukurasa. Halafu angekuuliza kwa hasira, "Herufi hii ni e ama ni c? Sema mwenyewe." Ile pasipoti ungeambiwa uifuate siku ya soko.

Alikuwa mrefu na mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na uso wa mtu ambaye ameeleza jambo mara tatu na sasa anaombwa alieleze tena. Hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mtu wala kumtukana. Alikuwa mshiriki wa kanisa, na mke wake Mbula aliimba kwenye kwaya. Ni vile tu vitu vilimuudhi. Ukungu wa milima ya Mbooni ulimuudhi kwa sababu uliingia ndani ya lenzi na kuota kuvu. Wateja walimuudhi kwa sababu walitaka kutabasamu baada ya kamera kubonyezwa. Na kamera yake mwenyewe ilimuudhi kuliko vyote, ingawa alilala nayo chini ya mto.

Aliinunua mwaka wa 1971 kwa mpima ardhi mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na ilikuwa kamera ya nusu. Maana yake si ngumu: mahali ambapo kamera ya mwingine inapiga picha moja kwenye filamu, hii inapiga mbili, kila moja nusu ya ukubwa. Filamu ya picha thelathini na sita ilimpa sabini na mbili. Kwa mtu anayepanda na kushuka milima kwa miguu akifuata harusi na mazishi, hiyo ni baraka, na mbele ya watu Kiilu aliisifu. Nyumbani aliilaumu usiku na mchana. Picha ndogo hivyo ukiikuza, kila kosa la lenzi linakua pamoja nayo, na uso wa bibi harusi unatoka kama uji wenye mabonge. Kwa hiyo kamera ndogo ndiyo inayodai lenzi nzuri zaidi. Jambo hili alilieleza kwa miaka kumi na hakuna aliyemwelewa, isipokuwa Mbula, ambaye alielewa siku ya kwanza na kunyamaza.

Kisha kulikuwa na wazee wa kanisa. Zamani kidogo mpiga picha mmoja wa kutoka barabarani aliruka katikati ya mchungaji na maharusi wakati wa maombi, akawasha taa yake usoni mwa watu waliofumba macho. Tangu siku hiyo wazee wakatoa sheria: mpiga picha atasimama kwenye nguzo ya benchi la tatu, na hapo atakaa mpaka amina ya mwisho. Kutoka kwenye nguzo hiyo Kiilu alitakiwa apate kwaya nzima, kutoka soprano wa kwanza mpaka besi wa mwisho, na dakika hiyo hiyo apate pete ikiingia kidoleni. Lenzi yake ya kawaida ilipata kwaya kwa shida, na pete haikuipata kabisa. Alihitaji lenzi ya kuvuta, ile inayoitwa zumu, ambayo ukiifungua inaona pana na ukiivuta inaleta mbali karibu. Wazee aliwaeleza. Walimsikiliza kwa upole na kumwambia nguzo ni ile ile.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomkosesha usingizi ni la mama yake.

Mwaka wa 1977 mama yake, Kasyoka, alianza kugonga miimo ya milango. Alikuwa mjane mwenye nguvu, aliyejenga kuta za mawe za matuta ya shamba lake kwa mikono yake, na kila mtu alidhani ni uzee tu. Kiilu alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba ugonjwa huu huanza kufunga pembeni na kuja polepole katikati, kwamba dawa zitauchelewesha lakini kilichokwisha kufungwa hakifunguki tena. Mama alirudi nyumbani. Siku ya tatu alimwita Kiilu akamwambia anataka picha moja. Yeye na watoto wake wote, katika karatasi moja, aiangalie vizuri akiwa bado anaona.

Hakuwa na picha kama hiyo. Alikuwa na ya Kalunde na Mutunga, ya Nzomo peke yake, ya Kilonzo akiwa amevaa sare, ya kitindamimba Mwangangi akiwa mchanga. Ya Kiilu, mzaliwa wa kwanza, hakuwa nayo hata moja. Nani angempiga? Kamera ilikuwa mkononi mwake siku zote.

"Watoto wako sita, Mwaitu, hiyo si kazi," Kiilu alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Watoto hawahesabiwi," mama alisema. "Wanatajwa majina."

Na alikuwa na masharti yake. Watoto wasimame kwa mstari mmoja kama walivyozaliwa, watatu wakubwa upande huu, watatu wadogo upande ule, yeye katikati kwenye kiti. Safu mbili hakutaka kusikia. "Hakuna mtoto wangu anayesimama nyuma ya mgongo wa mwingine," alisema. "Sikuwazaa hivyo."

Sasa uone uwanja wenyewe. Boma la Kasyoka lilikuwa juu ya tuta, ukuta wa nyumba nyuma, na mbele hatua tisa tu, halafu ukingo, na chini ya ukingo migomba. Kiilu hangeweza kurudi nyuma hatua ya kumi bila kuangukia ndizi. Krismasi ya mwaka huo, ndugu wote walipokuja nyumbani, alisimama visigino vikiwa hewani na akapiga kwa lenzi yake ya kawaida. Picha ilipotoka, Kalunde, anayemfuata kuzaliwa, alikuwa na mkono mmoja na nusu ya kitambaa cha kichwa.

Mama aliishika karatasi karibu na uso. "Kalunde amekatwa," alisema. "Na kabla ya Kalunde hakuna mtu."

"Ni lenzi, Mwaitu. Ni nyembamba. Nikipata zumu inayofunguka vizuri, Kalunde ataingia mzima, na mimi nitasimama hapo kabla yake, mtu abonyeze."

"Mtu gani?" aliuliza Mbula.

"Mtu."

Mbula alicheka chinichini. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuigusa kamera, hata kuipangusa vumbi. Kulikuwa na kile kisaa cha kujipigia mwenyewe, lakini kilikufa zamani, na Kiilu alisema fundi atakayekifungua atakuwa si fundi bali mwizi. "Baba Mumbua," Mbula alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao, "hata ukipata lenzi ya serikali, picha ya mama haitatimia mpaka uitoe hiyo kamera mkononi." Kiilu akamwambia wanakwaya waimbe na wapiga picha wapige picha.

Ndipo msako ulipoanza. Mwaka uliofuata alisikia kwamba kule Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, kuna mfanyabiashara anayeitwa Ng'ang'a ambaye wasafiri humwachia vitu: darubini, redio, viatu vya kupanda mlima. Ng'ang'a alikuwa ametoka Mkoa wa Kati, akaweka kibanda pale joto lilipo kali kuliko yote, na alisema Kiswahili cha haraka chenye kicheko ndani yake. Alimtolea Kiilu zumu nene na ndefu kama mchi wa kinu. Kando yake kulikuwa na namba: 35 mpaka 105. Kiilu alikuwa amesoma katika jarida moja la zamani kwamba thelathini na tano ni pana. Jarida lilisema waziwazi: kwa vikundi na vyumba vidogo, thelathini na tano. Akainunua pamoja na pete ya kuunganishia, akarudi Kikima akiwa ameipakata.

Siku moja nzima Kikima ilimheshimu. Watu walikuja kuiangalia tu. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Sasa hii ndiyo lenzi," na Kiilu, ambaye kwa kawaida angemsomesha, akatabasamu. Kesho yake akaenda bomani kwa mama, akasimama ukingoni, akaifungua mpaka mwisho, akaangalia. Akaiondoa machoni. Akaangalia tena. Ilikuwa inaona kile kile ambacho lenzi yake ya kawaida iliona. Kila kitu kile kile, mpaka kwenye ufa wa ukuta.

Hakulala. Alijaribu kuielekeza chini, ikajivuta yenyewe kama konokono akitoka. Alipoivuta kwa mbali, mwanga ulipungua mpaka hakuona kitu. Akabandika gazeti ukutani, akapiga, akasafisha filamu, akaangalia pembeni kwa kioo chake. Matangazo ya vifo yalikuwa yamegeuka moshi. Jumatatu alikuwa Kambu tena, amesafiri tangu alfajiri, hasira zimemfika puani.

"Umeniuzia nini?"

Ng'ang'a hakukasirika. Alimpa chai kwanza. Kisha alichukua karatasi ngumu ya sanduku, akakata tundu la mraba kwa kisu, akalishika mbele ya uso wa Kiilu. "Unaona nini?"

"Barabara. Lori. Duka la yule mama. Mlima."

Ng'ang'a akafunika nusu ya tundu kwa kiganja. "Sasa?"

"Lori," Kiilu alisema.

"Macho yako yamebadilika?"

Kiilu akakiondoa kile kiganja, akachungulia tena.

"Lenzi si mbaya sana, ndugu yangu. Inaona vile ilivyoandikwa. Lakini imeandikwa kwa kamera nzima, na wewe una kamera ya nusu. Inakuletea barabara, na kamera yako inachukua lori na kutupa kwingine. Jarida lako halikukudanganya. Lilikuwa linaongea na mtu mwingine."

Hili ndilo lililomchoma zaidi. Yeye, aliyewaeleza watu miaka yote kuhusu kamera ya nusu, alikuwa amesahau hesabu ya kwanza kabisa. Amesafiri mpaka Kambu kununua alichokuwa nacho, ila kizito zaidi. Thelathini na tano kwake ilikuwa kama hamsini kwa mwingine. Kupata ile thelathini na tano ya jarida alihitaji lenzi iliyoandikwa ishirini na kitu, na zumu inayoanzia ishirini na kitu wakati ule ilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Ng'ang'a aliipokea tena zumu yake, na wakati wa kuagana alisema, "Tafuta lenzi inayofaa kamera yako, wacha inayopendeza watu." Kiilu aliyarudia maneno hayo njia nzima kwa uchungu, kwa sababu alitamani angekuwa yeye aliyeyasema.

Mwaka wa 1979 aliiona Nairobi, katika duka moja la kamera. Ilikuwa fupi, haina maringo, namba yake 24 mpaka 48. Kando yake kwenye kabati kulikuwa na nyingine kubwa inayoanzia ishirini na nane na kufika mia mbili, na mwenye duka alitaka kumuuzia hiyo. "Inafanya kazi zote," alisema. Kiilu alimwambia kwamba mtu anayefanya kazi zote hamalizi hata moja. Akaomba aijaribu ile fupi. Akatoa gazeti lake mfukoni na gundi, akaomba ukuta.

Mwenye duka alimwangalia, kisha akampa ukuta. Kiilu alipiga gazeti lile kwa saa nzima: zumu imefunguliwa yote, imevutwa yote, tundu la mwanga likiwa pana, likiwa jembamba, kamera imelala, kamera imesimama, lenzi imeelekezwa chini kuona kama inateleza. Haikuteleza. Wateja walimpita wakiomba radhi. Mwisho mwenye duka akamwuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Sasa unachukua?"

"Nitaenda kusafisha filamu kwanza, nione pembeni."

"Wapi?"

"Kikima."

Akaenda Kikima. Filamu ikatoka, akaangalia pembeni kwa kioo, na pale mwishoni mwa safu ya mwisho akasoma jina la marehemu, jina la kijiji, na siku ya mazishi, kila herufi. Aliita Mbula aone. Mbula aliona, akasema, "Basi ungeinunua." Aliporudi Nairobi wiki ya pili, lenzi ilikuwa imeuzwa.

Wacha tu. Ukitaka kujua sauti ya Kiilu aliporudi nyumbani siku ile, waulize majirani wa studio. Aliwalaumu mwenye duka, na aliyeinunua, na dereva, na ukungu. Mbula alimwacha amalize, kisha akasema kwa upole kabisa, "Mchagua jembe si mkulima, Baba Mumbua." Kiilu hakuongea naye mpaka Ijumaa. Kilichomuuma ni kwamba msimu wa kupanda ulikuwa unapita kweli. Kasyoka alikuwa ameacha kwenda kisimani peke yake. Mtu alipokaa kando yake alimgeukia na mwili mzima, kama anayegeuza kiti. Alipoulizwa anaonaje, alifanya vidole vyake kuwa duara na kusema, "Hapa." Kila mwezi duara lilikuwa dogo.

Lenzi nyingine ya aina ile ilifika dukani mwishoni mwa mwaka wa 1980, na safari hii Kiilu hakubandika gazeti. Aliinunua akiwa bado amesimama mlangoni. Alirudi nayo Kikima imo ndani ya kopo la kahawa lenye mchele mkavu, adui wa kuvu. Watu walikuja kuiangalia, na yule mzee wa kanisa akauliza, "Ndiyo hii? Mbona ni kama kizibo?" Kiilu akashusha pumzi, akafunga kopo.

Krismasi ndugu wote wakaja. Uwanjani kwa mama, visigino ukingoni, Kiilu alifungua zumu, na boma lote likaingia: mama, watoto watano, mlango, dirisha, hata kuku kila upande. Angeweza kusimama pale kabla ya Kalunde na bado pangebaki nafasi. Kila kitu alichotafuta miaka mitatu kilikuwa ndani ya kile kijidirisha.

"Njoo sasa," mama alisema.

"Ngoja kwanza nijaribu."

Alijaribu. Alipiga wakiwa wamesimama, akabadilisha mwanga, akapiga tena. Alimwambia Mutunga ainue kidevu. Alisogeza kiti. Mbula alikuwa amesimama mlangoni, amejifuta mikono, ameshaivua leso, tayari. Na wakati Kiilu anabadilisha mwanga mara ya sita, ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukakaa uwanjani, na watu wakawa vivuli. Ukakaa mpaka jioni. Asubuhi Mwangangi alikuwa kwenye basi la Mombasa na Kalunde amerudi kwa mume wake kule Kilungu.

Picha za kujaribu zilitoka safi ajabu. Ungeona mshono kwenye ukosi wa Kilonzo. Mama aliishika karatasi, akaisogeza polepole mbele ya lile duara lake, kutoka kulia kwenda kushoto, akitaja: Mwangangi, Kilonzo, Nzomo, mimi, Mutunga, Kalunde. Kidole kikaendelea kwenye ukuta mtupu.

"Hapa?"

"Hiyo ilikuwa ya kujaribu, Mwaitu."

"Miaka mitatu unajaribu," mama alisema, na hiyo ndiyo mara pekee alipomkaripia.

Mwaka mzima wa 1981 Kiilu alikuwa mtu wa kuogopwa. Kwenye nguzo ya benchi la tatu alipiga harusi nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, kwaya nzima na pete pia, watu wakamsifu, na aliyemsifu alijibiwa kwa mguno. Aliweka matone machoni mwa mama asubuhi na jioni kwa mkono wake. Na kila aliporudi kwake alimwuliza Mbula swali lile lile, Krismasi imebaki wiki ngapi.

Ilipofika, hakujaribu kitu. Alfajiri alikuwa uwanjani. Aliweka kamera kwenye stendi, akafunga kila skrubu mpaka chuma kikalia. Ndugu waliposimama, aliangalia kwenye kijidirisha. Aliona mama katikati, Kalunde na Mutunga huku, Nzomo, Kilonzo na Mwangangi kule. Akavuta zumu kidogo, kidogo tu, kwa sababu upana usio na kazi unafanya nyuso kuwa ndogo na alitaka mama aone nyuso. Sasa mstari wote ulijaa vizuri, kutoka bega la kwanza mpaka bega la mwisho. Akafunga. Akamwita Mbula.

"Usiguse lenzi. Usiguse stendi. Bonyeza hapa, vuta filamu hapa, mara tatu. Basi."

"Nimeelewa."

"Usiguse kitu kingine."

"Nimeelewa, Baba Mumbua."

Akakimbia akasimama kabla ya Kalunde, mahali pake, shati limefungwa mpaka kooni. Mama alisikia hatua zake akageuka na mwili mzima kumtafuta, kisha akarudi kuangalia mbele. Alikuwa anatabasamu. Mbula aliinama kwenye kamera. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akainua kichwa.

"Sogea ndani."

"Nimekwambia usiguse kitu."

"Sijagusa. Sogea wewe."

"Mbula, ukungu unakuja. Bonyeza."

Mbula alimwangalia mumewe juu ya kamera kwa muda ambao Kalunde baadaye alisema ulikuwa mrefu. Kisha akabonyeza mara tatu.

Ndugu walipokwisha kwenda, Kiilu akaingia kwenye chumba cha giza. Picha ikaanza kutoka kwenye maji: kwanza nguo nyeupe ya mama, kisha nyuso. Aliangalia pembeni, kama kawaida yake. Pembeni palikuwa safi. Na hapo pembeni, wazi kabisa, kila uzi wa shati ukionekana, palikuwa na sikio moja, shavu moja, na nusu ya mtu. Karatasi ya pili ilikuwa vile vile. Ya tatu vile vile. Aliipanga picha kama alivyoiona kwenye kijidirisha, na kwenye kijidirisha yeye hakuwemo. Miaka minne anatafuta lenzi yenye nafasi yake, ameipata, halafu akaifunga nafasi hiyo kwa mkono wake mwenyewe na kumgombeza mtu aliyemwambia.

Alitafuta wa kumlaumu. Alikaa kwenye kiti mle gizani akipitia majina, na kila jina lilimrudia. Mwisho aliona aibu, aibu ya kweli, ya kushika tama.

Aliipeleka kwa mama asubuhi. Mbula alikwenda naye, na njiani hawakuongea. Kasyoka alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaileta karibu na jicho la kulia, lile lililobaki na nafasi kidogo, akaanza kuisogeza. Mwangangi. Kilonzo. Nzomo. Mimi. Mutunga. Kalunde. Karatasi ikasogea tena. Ikasimama. Akairudisha, akaisogeza tena, akasimama pale pale.

"Macho yangu haya," alisema. "Sasa yamefika kwako. Nakuona nusu tu."

Kiilu angenyamaza tu, mama angeamini. Mbula alimwangalia. Kiilu alipiga magoti mbele ya kiti.

"Si macho yako, Mwaitu. Nilijikata mwenyewe. Mbula aliniambia nisogee, nikakataa."

Mama aliishusha karatasi magotini. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichotikisa ile karatasi, na Mbula naye akashindwa kujizuia. Kiilu hakucheka. Alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia.

"Njoo huku," mama alisema. Alimshika kichwa kwa mkono mmoja, akakisogeza mpaka shavu la Kiilu likagusa ukingo wa picha, upande ule ule ilipoishia. Akarudi nyuma kidogo kwenye kiti. Akaanza upya, polepole, kwa jicho moja, kutoka Mwangangi. Alipofika mwisho wa karatasi hakusimama. Aliendelea mpaka kwenye uso wa mtoto wake wa kwanza, akakaa hapo, akiangalia.

"Kiilu," alisema, akimtaja.

Magoti yalianza kumuuma juu ya ile sakafu ya mawe, na akajaribu kuinuka.

"Usisogee," Mbula alisema kutoka nyuma yake. "Na usiguse kitu."